Shimo Lililotakiwa Kuwa Tupu

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mdogo wangu, pale Barani, Malindi, niliposimama na miguu ikakataa kwenda. Nakusimulia wewe unayemaliza chuo, kwa sababu nilikuwa kama wewe: cheti kipya cha uhandisi, na kichwa kisichotulia.

Shangazi yangu, Bi Mwanahamisi, alikuwa ameusakafia ua wake wote. Mvua ikinyesha, maji ya paa na ya ua yaliteremka pamoja hadi kwa jirani wa chini, Mama Kadzo, aliyehamia kutoka Kakuyuni na kujenga nyumba ya udongo. Nikajitolea kuyazuia. Nilichimba shimo kubwa kwenye kona ya chini ya kiwanja, nikalijengea kwa mawe, na chini kabisa nikaweka bomba jembamba. Maji yajae humo, kisha yatoke kidogo kidogo hadi mtaroni, ili kesho yake shimo liwe tupu kupokea mvua nyingine.

Nilirudia hesabu mara nne. Niliwaza bomba likizibwa na majani, nikaweka wavu. Niliwaza mbu. Niliwaza hata kuku wa watu wakitumbukia. Mama Kadzo alichungulia akasema, "Mhandisi, hapa wamzika ndovu?"

"Mwache," Shangazi akamjibu. "Akimaliza kuwaza atakuja kula."

Nilicheka nao, lakini sikuwaeleza shimo lafanyaje kazi. Niliogopa wangeniuliza maswali, nami nianze kuzitilia shaka hesabu zangu.

Mvua ya kwanza ilipita salama. Ya pili ikaja siku ya tatu yake, asubuhi, ya kumwagika. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi nilikuwa nanywa chai yangu kwa utulivu, ndipo nikasikia kishindo.

Nilitoka mbio. Shimo lilikuwa limefurika, ukingo wake wa chini umebomoka, na maji yameshuka kwa mkupuo mmoja. Ukuta wa chumba cha Mama Kadzo haukuwapo. Mle ndani alikuwa amelazwa mwanawe wa miezi minne. Niliona udongo tu.

Mama Kadzo alitoka jikoni, akanipita, akaanza kufukua kwa mikono. Mimi nilisimama. Nakwambia ukweli, nilisimama nikizipitia hesabu kichwani, nikitafuta nilipokosea, na mtoto yu chini ya udongo.

"Wewe, shika huku," akasema.

Tukainua kipande cha ukuta pamoja. Ubao wa kitanda ulikuwa umeanguka kwa mshazari na kumfunika mtoto. Alipiga chafya, kisha akalia. Mama yake akaketi matopeni naye, akimpangusa udongo usoni.

Nilirudi shimoni, nikapenyeza mkono chini ya maji yaliyobaki. Ndani ya bomba mlikuwa na kipande cha kanga, kimesokotwa na kukazwa.

"Ni mimi," Shangazi alisema nyuma yangu. "Mfereji wa jikoni haujatoa maji wiki nzima. Nikaona yale ya shimo yanapotea bure. Nikaziba nipate ya kufulia."

Nilifungua kinywa nimlaumu. Hakuningoja.

"Mwanangu, ungeniambia maji haya yakikaa yatamwendea mtoto wa watu, ningeziba? Umewaza majani, umewaza mbu, umewaza kuku. Mimi ninayeishi na shimo hukuniwaza."

Nikakichomoa kile kipande cha kanga. Mama Kadzo na mwanawe walilala chumbani kwangu hadi ukuta ulipojengwa upya, na ilichukua siku nyingi kabla hajaniita kwa jina.

Basi, mdogo wangu, chimba. Aliyesakafia ua wake asimtupie jirani mvua yake. Achia shimo njia ya kufurikia upande usio na nyumba. Lakini kabla ya jiwe la kwanza, keti na anayefua na kufagia pale, umwambie wazi kwamba shimo hili kazi yake ni kuwa tupu, na kama anataka maji, umwekee tangi lake kando. Na siku ukikosea, tumia mikono kwanza. Hesabu utazirudia baadaye.

Mungu aibariki kazi yako, akupe watu wa kukuuliza maswali, na akuondolee woga wa kuwajibu.