Sahihi ya Kwanza Ilikuwa Yangu

Uvumi ulinikuta nikiosha vikombe, na tangu hapo haukunitoka kichwani.

Kwamba kuna mfanyakazi mwenzetu amemwandikia meneja barua, anaomba abadilishiwe jinsia kwenye faili lake.

Aliyeniletea habari ni mfagiaji. Aliiona barua juu ya meza ya meneja, akasoma mistari miwili, kisha meneja akaifunika kwa kofia yake.

"Jina uliliona?" nikamuuliza.

"Jina lilikuwa chini ya kofia."

Wazazi wenzangu, mimi elimu yangu ni ya msingi tu, lakini kwenye umbea nina shahada. Nilikuwa mpika chai wa kampuni ya kuuza mabomba na matangi, na bado ndiyo kazi yangu. Wananiita Mama Chai. Tuko watu thelathini na mmoja, na kila meza naifikia mara mbili kwa siku. Habari ikiingia jikoni kwangu saa tatu, saa nne iko getini kwa mlinzi, imeshatiwa chumvi na pilipili.

Siku hiyo niligawa chai haraka kuliko siku zote.

Sote tuliamini ni mwanaume anayetaka kuwa mwanamke. Hakuna aliyewaza kinyume chake. Nami nikamaliza upelelezi kabla chai haijapoa: ni mhasibu.

Ushahidi? Anapaka mafuta mikononi. Ananukia vizuri. Anasema "tafadhali."

Basi, kesi imekwisha.

Kuanzia siku hiyo chai ya mhasibu ilikuwa haina sukari. Kikombe chake nikakitenga, nikakishika kwa kitambaa kama sufuria ya moto. Naye anakunywa na kusema asante, mtu wa watu.

Hilo halikunitosha. Roho ilikuwa juu. Nilikuwa na binti yangu ofisini humo humo, karani wa kuchapa barua. Kazi nilimtafutia mimi, kwa kumwomba meneja wiki tatu mfululizo. Nikajiambia, mwanangu hawezi kukaa chumba kimoja na mambo haya. Nitamlinda.

Nikachukua karatasi nikaandika kwa mkono wangu: sisi wafanyakazi hatutaki kufanya kazi na mtu huyo aliyeandika barua, aondolewe.

Mwandiko wangu unafanana na kuku aliyekanyaga wino. Kwa hiyo nikaipeleka kwa anayejua kuchapa.

Nilimkuta amegeuka kwenye kiti, kama alikuwa ananisubiri.

"Mama, afadhali umekuja. Nilikuwa na..."

"Subiri kwanza. Nichapie hii."

Nikamwekea karatasi mezani. Akaisoma. Akairudia tena.

"Huyu mtu ni nani, mama?"

"Si mhasibu? Huoni mikono yake, laini kama unga?"

"Amekukosea nini?"

"Chapa wewe. Usinihoji kama polisi."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika kuliko umri wangu."

Akaanza kuchapa. Polepole, yeye ambaye vidole vyake huwa vinakimbia kama mvua juu ya mabati. Akafika katikati, akasimama.

"Hapa umeandika hamtaki hata kukaa naye meza moja. Niiache?"

"Iache. Tena iandike kwa herufi nzito."

Akaiandika kwa herufi nzito. Akanisahihishia makosa yangu matano, akanipa karatasi bado ina joto la mashine. Nikamwambia Mungu ambariki, nikaondoka. Alichotaka kuniambia sikukikumbuka hata kidogo.

Sahihi ya kwanza ikawa yangu. Kwa siku mbili nikazunguka na sinia mkono mmoja, orodha mkono mwingine. Nikapata sahihi ishirini na mbili. Mhasibu alikataa. Nikajisemea, bila shaka, atasaini vipi afukuzwe mwenyewe?

Meneja alipoipokea alikuna kichwa. "Kama zaidi ya nusu hawamtaki, sitaweza kumbakiza. Jumatatu nitaamua."

Jumatatu tukakutana wote ukumbini, mimi nikipita na birika. Kabla meneja hajafungua mdomo, karani akasimama. Mwanangu.

"Barua mnayoizungumzia niliiandika mimi," akasema. "Nilizaliwa nikaitwa msichana. Mimi ni mwanaume, na nimelijua hilo tangu utotoni. Naomba mniite kwa jina nililoandika kwenye barua. Kazi zenu nitazichapa kama kawaida. Hata hiyo orodha nimeichapa mimi. Kama kuna kosa la herufi, mniambie."

Nikacheka.

Nilidhani anatania. Nilicheka kwa sauti, peke yangu, watu thelathini wakiniangalia. Kisha nikaona mikono yake inatetemeka. Kicheko kikaniishia mdomoni.

Meneja akasema ataamua saa kumi.

Mwanangu alinifuata jikoni. Nilikuwa nimeshika beseni, sijui la nini.

"Kwa nini hukuniambia mimi kwanza?"

"Nilitaka wewe uwe wa kwanza, mama. Siku ile ile. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, ukaniwekea karatasi."

Nikaliweka beseni chini.

Nikaenda kwa meneja kukusanya vikombe. Hapakuwa na kikombe. Nikanyoosha mkono kwenye orodha.

"Mama Chai, hicho si kikombe."

"Naomba niirudishe, bosi."

"Aliyesaini ndiye atakayejifuta. Mmoja mmoja, mbele yako. Saa kumi nahesabu."

Nikajifuta mimi kwanza. Bado ishirini na mmoja. Nikaanza kuzunguka meza zile zile.

Dereva akaniambia, "Sifuti. Na kuanzia kesho chai nitakuja nayo kutoka kwangu."

Msimamizi wa stoo akaniuliza kama nina akili timamu. Wawili walicheka wakafuta. Mfagiaji akafuta akilia, akisema kosa ni la macho yake.

Mhasibu hakuwa na cha kufuta. Nilimwendea hata hivyo, nimeinamisha uso.

"Nilijua unanishuku mimi," akasema. "Chai ya wiki nzima, Mama Chai. Nilidhani sukari imepanda bei." Kisha akainuka, akaenda kuzungumza na watu wake wa idara. Wawili wakafuta.

Saa kumi kasoro, zilibaki sahihi kumi na sita. Nikakimbilia getini.

"Wewe ndiye uliyenishikia kalamu," mlinzi akasema.

"Najua, baba. Nishike hata masikio, lakini futa."

Akaichukua kalamu. "Mambo haya mimi siyaelewi. Lakini mke wangu alipojifungua, mwanao alinichapia barua ya likizo siku yake ya mapumziko." Akapiga mstari.

Kumi na tano, chini ya nusu. Mwanangu akabaki kazini.

Nyumbani kwangu ndiko hakubaki. Jumamosi alifunga nguo zake na godoro, akahamia chumba cha kupanga mtaa wa pili. Hakufoka. Aliniachia funguo juu ya friji. Kazini nikimpelekea chai ananishukuru kwa adabu kabisa, kama anavyomshukuru mgeni.

Yote sijayaelewa, sitawadanganya. Lakini nimeandika haya ili mwenzangu asipite nilipopita. Epukeni haya:

Kubeba sinia na uvumi pamoja.

Kumhukumu mtu kwa mafuta anayopaka.

Kuanzisha orodha ya kumfukuza mtu ambaye jina lake hulijui.

Kumkatiza mwanao akianza kusema "nilikuwa na."

Kudhani unamlinda kabla hujamuuliza anaogopa nini.

Kucheka mtu anapotetemeka.

Kungoja ahame ndipo ujizoeze kumwita kwa jina lake. Mimi najizoeza sasa, jikoni, bomba likiwa wazi ili watu wasinisikie.