Kibuyu cha Mama

Mama alipolazwa hospitali ya Kitete kufanyiwa upasuaji, baba, fundi cherehani asiyejua hata kusonga ugali, alitupakia kwenye lori lililokuwa likienda Sikonge kuchukua tumbaku. Shangazi alikuwa amehamia kijiji cha Ujamaa huko. Mimi nilikuwa na miaka tisa na ujuaji mwingi. Mdogo wangu wa kiume alikuwa na mitano.

Watoto wa mjini sisi, wa Ipuli, tulijiona. Siku ya kwanza kwenye shamba la kijiji tulipalilia kwa bidii, tukang'oa tumbaku na kuacha magugu. Kuanzia hapo tukaamriwa kubaki nyumbani.

Karibu na mafiga shangazi aliweka kibuyu cha asali, kimezibwa kwa gunzi.

"Hiki cha mama yenu," alisema. "Siku kitakapofunguliwa, mjue amekuja."

Kesho yake, shangazi alipokwenda shamba, mdogo wangu alining'ang'ania. "Dada, tukifungue basi, aje."

Nilijua mambo hayaendi hivyo. Ila asali nayo naipenda, na mama nilimtaka kuliko yeye alivyomtaka. Tukafungua, tukachovya vidole, tukaenda kukaa kando ya barabara. Mama hakuja. Tukarudia siku ya pili, na ya tatu. Asali ilipopungua, mimi mwenye akili nikaongeza maji, nikatikisa, nikaziba. Usiku nilianza kuogopa kwamba hatakuja kabisa, lakini sikumwambia mtu.

Wiki nyingi baadaye alifika, amekonda, ameketi upande kwenye karia ya baiskeli, baba akiisukuma. Majirani wakajaa uani. Shangazi akatoa kibuyu kwa madaha, akagusa gunzi. Likaruka, likampiga baba kifuani, na povu likafuata.

"Wanzuki hiyo!" jirani mmoja akashangilia, akakimbilia kwake kuleta kikombe.

Shangazi, asiyekosa swala hata moja, akatoa macho. "Pombe ya asali? Nyumbani kwangu?" Kisha akatugeukia.

Nilikwisha kukunja gauni tayari kutimua mbio. Mdogo wangu hakusogea. Alimkabili mama kwa hasira, bila hata shikamoo.

"Tulikuwa tunakifungua kila siku," alisema. "Mbona hukuja?"

Mama alikuwa anacheka, mkono kwenye mshono. Akamvuta kifuani.

"Nilikuwa nakuja, baba," alimwambia. "Nilikuwa nakuja polepole."

Nikaachia gauni, nikaenda kukaa upande wake wa pili.