Kundi la Fimbo, Kundi la Sifa

Mwalimu wetu wa Kiingereza alirudi kutoka masomoni na swali moja: mtoto hushika maneno upesi kwa kuchapwa au kwa kusifiwa? Akaamua kulijaribu kwetu, hapa shuleni Iringa. Alitupanga wawili wawili, wenye maksi zinazolingana, kisha kwa kila jozi akarusha shilingi ya mkoloni, kuamua nani aende kundi gani. Upande wa mfalme, fimbo. Upande wa simba, sifa.

Niliyepangwa naye ni wa rika langu, tumetoka wote milimani Mbeya. Yeye akaangukia mfalme.

Kila asubuhi waliokosea neno waliinama juu ya dawati la mbele. Mwalimu hakuwa na hasira. Alichapa kama mtu anayetwanga mahindi. Kaptura zililowa damu. Mmoja alijikojolea. Mwenzangu alijikinga kwa mkono, fimbo ikamvunja kidole. Sisi wa simba tukikosea tuliambiwa, "Umejaribu vizuri, kaa."

"Watu wa Mbeya mnalia kama mbuzi kanyeshewa," wavulana wa Iringa walitutania.

"Na nyie je? Jana nani alimwita mama yake?" tuliwarudishia.

Mwenzangu hakucheka. Aliniambia pembeni, "Akinichapa wiki nyingine narudi nyumbani. Shule basi."

Kwetu wavulana wa rika moja hujijengea vibanda vyao, hulala pamoja, na chakula cha mama wa mmoja ni cha wote. Sikuweza kukaa na sifa zangu peke yangu. Tulipokwenda mtoni kuchota maji nikamfundisha maneno, hanyanyui ndoo mpaka ajibu. Wengine wa simba wakaona, nao wakawafundisha jozi zao. Viboko vikapungua. Mwenzangu akaanza kula tena.

Jumamosi tulipewa mtihani, na kundi la fimbo likatupita kwa mbali.

"Fimbo imeshinda," mwalimu alisema. "Kuanzia Jumatatu mtachapwa nyote."

Mimi huwa sisemi darasani. Siku hiyo nilisimama. "Mwalimu, si fimbo. Tuliwafundisha sisi, kule mtoni."

Alizikunja karatasi za mtihani. "Basi mmeniharibia jaribio. Tunaanza upya. Makundi ni yale yale, mabweni tofauti. Atakayesema na kundi la pili nitamchapa mbele ya shule nzima."

Tulipotoka mwenzangu akanigeukia. "Ungenyamaza tu, bwana. Tungechapwa wote."

Jumatatu alikosea, akachapwa mpaka fimbo ikakatika, na mwalimu akatuma iletwe nyingine. Jumanne alipanda lori la mbao lililokuwa linarudi Mafinga, kidole kimefungwa kitambaa. Kutoka hapo hadi Mbeya angejua mwenyewe.

Mwalimu alifuta jina lake kwenye orodha ya jozi ubaoni, halafu akafuta na langu. "Jozi ikibaki na mtu mmoja haihesabiki," alisema. "Kaa nyuma."

Ndipo ninapokaa. Siulizwi neno, sichapwi, sisifiwi. Wakiinama wenzangu, natazama dirishani.