Mwezi Ndani ya Lenzi ya Shangazi

Lenzi ya shangazi yangu ilikaa miaka mingi ndani ya kopo la maziwa ya unga, imeviringishiwa kipande cha kanga, juu ya kabati chumbani kwake Kilwa Kivinje. Ni lenzi ndefu ya chuma, nzito kama mchi mdogo, ya kuvutia vitu vya mbali. Ina pete pana ya mpira. Ukiivuta pete hiyo kuja kwako, kitu cha mbali kinasogea. Ukiisukuma, kinarudi kilikotoka. Ukiielekeza lenzi chini, pete inateleza yenyewe kwa uzee.

Ujana wake wote shangazi alikuwa mpiga picha Lindi mjini. Wapiga picha wanaume walikuwapo, lakini hawakuweza kuingia chumba anamopambwa bibi harusi, wala ukumbini wanawake wanapovua mabuibui na kucheza. Yeye aliingia. Lenzi ile aliipata kwa fundi mmoja wa mradi wa barabara aliyekuwa anarudi kwao, na aliipenda kwa sababu ya wanawake wenye haya. Mtu akiona kamera imemkaribia usoni anakakamaa kama anapigwa sindano. Kwa hiyo shangazi alikaa pembe ya ua, mbali kabisa na watu, akavuta, akawapata wakicheka na midomo imejaa pilau.

Mambo ya filamu yalipokufa alifunga studio akarudi Kivinje. Mimi ndiye niliyerithi kazi, kwa maana ya kwamba nilikuwa nimeshinda naye utotoni nikinusa dawa za kusafishia picha. Sasa naishi Kilwa Masoko, napiga picha za pasipoti siku za kazi na za harusi mwisho wa wiki. Na yeye macho yakaanza kufunga. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Tulimbembeleza akafanyiwe upasuaji, akakataa kila mara kwa maneno yaleyale: "Jicho langu haliguswi na kisu."

Siku aliyonipa lenzi ile alinipa kama mtu anayetoa chombo cha jikoni asichokitumia tena. "Chukua, mwanangu. Hapa inaota ukungu tu."

Niliichukua bila matumaini makubwa. Kamera yangu ni hizi za kisasa zisizo na kioo ndani. Kamera za enzi ya shangazi zilikuwa na kioo kilichorusha mwanga wenyewe hadi kwenye jicho. Hizi za sasa, ukiweka jicho unatazama skrini ndogo yenye nuru yake, na unaweza kuikuza picha hata kabla hujaipiga. Mdomo wa kamera na kitako cha lenzi havikuwa vinaingiliana hata kidogo. Rafiki wa Dar es Salaam akaniambia kuna adapta, pete ya chuma inayounganisha ya zamani na mpya. Akanitumia kwa basi.

Nilipoipata nilikwenda nayo Kivinje moja kwa moja, nikaifungia barazani kwa shangazi, yeye amekaa mkekani anachambua mchele kwa vidole. Ikaingia. Ikalia *tak*. Nikawasha kamera, ikaniandikia kwamba haina lenzi.

Nikamsomea shangazi. Akacheka mpaka mchele ukamwagika. "Yaani haioni kitu chote hicho kilichoning'inia?"

Ilibidi niingie kwenye mipangilio, niiruhusu kamera ipige hata kama haitambui lenzi. Kisha nikaweka jicho.

Maji ya bahari yalikuwa yametoka. Mbele ya Kivinje maji yakitoka yanakwenda mbali sana, unabaki mchanga mweusi na madimbwi, na mwisho kabisa wa macho kulikuwa na nukta nukta, wanawake wanaotafuta pweza. Nikaivuta pete. Zile nukta zikawa watu. Nikazungusha taratibu ili picha iwe wazi. Kamera yangu inachora mistari midogo myekundu kwenye kingo za kitu kilichokaa sawasawa, na niliona wekundu ule ukitembea, ukatoka kwenye mikoko, ukapita juu ya maji, ukawafikia. Ghafla mwanamke mmoja alikuwa mbele yangu, ameinama, maji yanamdondoka kwenye pindo la kanga, na kila tone lina jua ndani yake. Rangi zilikuwa laini, zenye ujotojoto, kama za zile picha za zamani zilizokuwa zikining'inia studio. Picha kama hiyo sikuwahi kuipata kwa lenzi zangu mpya. Nilisahau kubonyeza.

"Unaona nini?" shangazi akauliza.

"Wanawake wa pweza."

"Wako wapi?"

"Mbali, shangazi. Kule mwisho."

Akanyoosha mkono. "Hebu."

Nilimwekea kamera usoni, nikamshikia uzito wake. Sikutegemea chochote. Nilijua anavyoishi: sura za watu anazitambua kwa sauti, chai anaimimina kwa kusikiliza kikombe kikijaa. Nikaikuza picha ndani ya kamera mpaka mwisho, nikaongeza mwanga wa ile skrini ndogo. Nikaona kidole chake kimekwenda chenyewe kwenye pete, kikaivuta, kikazungusha nyuzi chache, kikarudisha. Vidole vyake vilikuwa vinajua njia.

"Huyo wa mbele anachechemea," akasema polepole.

Nilitazama nje kwa macho yangu. Niliona nukta.

"Anachechemea mguu wa kushoto. Ni jirani yangu huyo. Amevaa kitu chekundu kichwani." Akaishusha kamera mapajani, akafuta macho kwa upande wa mtandio. "Kuna ukungu mwingi. Lakini ni mkubwa! Mtu mkubwa kama mlango."

Tangu siku hiyo nilikuwa nikienda Kivinje namkuta ameshakaa barazani ananisubiri. Sura za karibu hakuzitaka. Alitaka mbali: bati la boma la Wajerumani lililotoboka, ndege wakubwa weupe kwenye matope, vijana wakicheza mpira kule upande wa pili. Na mimi nilijifunza kwake mambo ambayo kitabu cha kamera yangu hakikuwa nayo, kwa mfano kwamba alama ya mwisho wa mbali iliyochorwa kwenye lenzi isiaminiwe. Tukajaribu, kweli. Kwa ile adapta, lenzi ilikuwa inapitiliza ule mwisho. Lazima urudishe nyuma kiasi cha unywele mmoja.

Shaabani ilipofika ishirini na tisa, shangazi akaniita kwa simu. "Leo tunatafuta mwezi wa Ramadhani. Njoo na lenzi."

Kivinje jua linachomoza baharini na kuzama bara, kwa hiyo anayetaka kuuona mwezi mwandamo hupanda kilima cha Singino nyuma ya mji, atazame upande wa Njinjo. Tulimpandisha shangazi kwa bajaji hadi ilipogoma, tukamalizia kwa miguu, kanishika begani. Juu kulikuwa na watu wa kutosha, wanaume mbele, wanawake pembeni na mikeka yao, na sheikh wa msikiti wetu amesimama na tasbihi. Mvua za masika zilikuwa zimeanza kunukia. Magharibi yote ilikuwa mawingu yaliyopangana, na kati yake nyufa nyembamba za mwanga.

"Shikamoo, sheikh," nikasema.

"Marahaba, binti yangu. Hilo bomba la nini?"

"La kuvutia vitu vya mbali. Natafuta mwezi."

Akalitazama kwa muda. "Mimi napenda watu wauone kwa macho yao, kama walivyouona waliotutangulia. Lakini kama chombo kinaweza kutuonyesha upande, kituonyeshe upande. Kuona tutaona wenyewe."

Jua lilikuwa bado linamalizia kuzama. Shangazi akanikamata mkono. "Usielekeze huko mpaka lizame lote! Litaunguza kamera na jicho lako." Nikasubiri. Wakati nasubiri nikaiweka lenzi sawa kwa kutumia mnara wa simu uliokuwa ukingoni mwa upeo, nikazungusha mpaka vyuma vyake vikawa vyekundu vyote, kisha nikafunga pete kwa utepe wa gundi isiteleze. Nikaisimamisha kamera juu ya stendi yake ya miguu mitatu.

Jua likazama. Watu wakainua viganja juu ya macho. Nilianzia pale lilipozamia, nikapandisha taratibu. Wingu. Wingu. Ufa wenye rangi ya chungwa, mtupu. Nikarudi, nikasogea kidogo kulia, nikapandisha tena. Ukiitazama mbingu kupitia lenzi ya kuvuta unapotea upesi. Hakuna mti wala nyumba ya kushikilia, ni rangi tu inayopita. Nilianza kujiona mjinga mbele ya watu wote wale.

Halafu kwenye ufa mmoja, juu zaidi ya nilipodhani, mistari myekundu ikatokea yenyewe. Uzi. Nikadhani ni ukingo wa wingu. Nikaikuza picha, na uzi ukawa mwezi.

Ulikuwa umelala chali, mwembamba kuliko kucha iliyokatwa, na haukuwa uzi mmoja ulionyooka. Ulikuwa umekatikakatika mahali mahali, kama mstari wa chaki ukutani palipobanduka plasta, na nilielewa kwamba ninaona milima. Kule juu kuna milima na vivuli vyake, na mwanga wake ulikuwa umesafiri, ukapita vioo vilivyosuguliwa na watu ambao huenda wameshakufa, ukapita ukungu wa Kivinje, ukaingia kwenye mashine inayoamini haina lenzi, ukanifikia mimi. Na juu ya uzi ule, kwa uhafifu mno, niliona mwezi mzima uliobaki, duara la kijivu, kama sahani gizani.

"Subhanallah," nikasema. Sikujua kama nimesema kwa sauti.

"Uko wapi?" watu wakauliza.

Nilimvuta shangazi. Nikamwinamisha, nikamwekea jicho. Mkono wake ulinishika kwenye kiwiko, na niliusikia ukikaza, ukakaza, mpaka ukaniuma.

"Ya Rabi," akasema. "Umelala."

"Ndiyo, shangazi."

"Ncha zote mbili ziko juu."

"Ndiyo."

"Nauona." Akasema mara nyingi, kwa sauti ndogo, kila mara kama habari mpya. "Nauona. Nauona, mwanangu. Nilidhani sitauona tena hapa duniani."

Sheikh alikuwa amesogea. Nikamwelekeza: fuata mnara wa simu, panda juu moja kwa moja, pita wingu la kwanza, pita la pili, kwenye ufa ule. Hakuitazama lenzi. Alisimama nyuma yangu akafuata uelekeo wake kwa kidole, kama anayesoma mstari wa msahafu, na kidole kikasimama hewani. Kisha akasema, "Huo!" na sauti yake ikapasuka kama ya kijana. Mwingine akasema, "Huo pale!" Na mwingine. Ikaenea kilimani, wanawake wakapiga vigelegele, watu wakanyoosha shingo, wakashikana vichwa na kugeuzana.

Nikageuka kuwapiga picha, nikakuta nimewakaribia mno. Lenzi ile haikubali kitu cha karibu, kila sura inakuwa ukungu. Nikaanza kurudi nyuma, nikateremka kilima kinyumenyume kwenye majani hadi wekundu ukawapata: sura zote zimeinuka, midomo wazi, sheikh analia bila kujificha. Picha nilizopiga za mwezi ni mbaya, zina vivuli vya mwanga na zimetikisika. Hiyo ya watu ndiyo nimeitundika studio.

Tulishuka kwa bajaji mpaka nyumbani. Redio ya jirani ilikuwa ikitangaza kwamba mwezi umeonekana, kesho ni kufunga. Nilikuwa namwandalia maji ya kuoga aliponiita kutoka barazani.

"Wale madaktari wa macho wa Lindi," akasema, "wanapokea watu siku gani?"

Nilisimama na ndoo mkononi. Niliogopa kujibu haraka, asije akabadili mawazo. "Nitauliza."

"Uliza. Baada ya Idd."

Baada ya Idd tulikwenda. Jicho moja kwanza. Usiku wa kuamkia kufunguliwa bandeji hakulala, wala mimi. Asubuhi muuguzi alipoiondoa, shangazi alitazama kwanza mikono yake mwenyewe, akaigeuza huku na huku kama kitu cha kuazima. "Hii mikono imezeeka lini?" Kisha akanitazama mimi, mara ya kwanza sawasawa baada ya miaka. "Na wewe! Una mvi!" Muuguzi akacheka, mimi nikalia.

Alipewa miwani myeusi na maagizo ya kutoinama. Tulipotoka hospitalini alikataa kwenda stendi. Alitaka ufukweni. Ghuba ya Lindi ilikuwa imetulia, na ng'ambo ya maji ni Kitunda, minazi na nyumba chache, na watu wakishuka kwenye boti.

Akaishusha miwani hadi kwenye pua.

"Kuna mtu kavaa kijani," akasema. "Amejitwisha ndoo. Anageuka... anamwita mtu."

Nilitazama. Nilimwona wa kijani kwa shida. Jua lilikuwa limeanza kuwa kali, na daktari alikuwa amesema asikae juani. Nikamgusa mkono.

"Shangazi, twende. Umeambiwa uweke miwani."

"Naweka," akasema, na hakuiweka. "Subiri. Yule mwenzake anakuja."