Mashine ya Dada Yangu Ilipoanza Kuchora

Dada yangu ni seremala. Karakana yake iko West Indies, mtaa mmoja wa Eldoret, nyuma tu ya nyumba anayoishi, na kabla hajaumia alikuwa akichonga milango ya makanisa na vichwa vya vitanda kwa patasi bila hata kuchora kwanza kwenye mbao. Siku moja ya mvua aliteleza kwenye ngazi akaangukia mkono wa kulia. Mfupa uliunga vizuri, lakini vidole havikurudi kuwa vile vya zamani. Aliweza kushika kikombe, kufunga vifungo, hata kunifinya nikimkera. Patasi ilimshinda. Karakana iliendelea kutengeneza meza na viti vya kawaida, naye akawa mtu wa kusimamia tu, jambo ambalo hakulipenda hata kidogo.

Mimi nafundisha kompyuta katika chuo kimoja hapa Eldoret. Nilikuwa nimetoka tu darasani aliponipigia simu.

"Nimenunua mashine ya kuchonga," akasema. "Kuna kiwanda cha fanicha kimefungwa, wanauza vitu. Hii hakuna mtu aliitaka kwa sababu kompyuta yake imekufa. Nimewaambia si shida, niko na dada."

"Mimi sijawahi kuguza mashine kama hiyo."

"Hata mimi sikuwa nimewahi kuguza msumeno."

Nilienda Jumamosi asubuhi. Niliikuta katikati ya karakana: meza ya chuma pana kama kitanda, juu yake daraja linalokwenda mbele na nyuma, na kwenye daraja kichwa kinachobeba kisu cha kuzunguka. Fundi wa dada, mwanamume wa makamo kutoka upande wa Bungoma ambaye wamefanya kazi pamoja tangu karakana ikiwa kibanda cha mabati, alikuwa ameshaipangusa na kuipaka grisi kila mahali. Mota zake zilikuwa nzima. Kilichokosekana ni kitu cha kuziambia ziende wapi.

Tangu aliponipigia simu nilikuwa nikisoma. Niligundua kuna programu ya bure ya kuendesha mashine za namna hii, na inatumia Linux, mfumo uleule ninaofundishia chuoni. Ila si Linux ya kawaida. Nilijaribu kuwaeleza dada na fundi tukinywa chai. Kompyuta ya kawaida ikiwa na shughuli nyingi husita kidogo, na mtu anayeandika barua hata hajui. Lakini mota ikingoja amri na amri ichelewe, kisu kinashtuka na mbao inaharibika. Kwa hiyo kuna Linux iliyotengenezwa maalum, ambamo amri ya mota hupita kwanza na mengine yote yanangoja.

"Kama vile watu hupisha ambulensi," fundi akasema.

"Hivyo hivyo."

"Sasa weka hiyo ya ambulensi tuone."

Nilikuwa nimebeba kompyuta yangu ya zamani iliyokaa kabatini muda mrefu. Kuiweka Linux hiyo kutoka kwenye flashi hakukuwa kazi. Chai ilikuwa bado ina moto nilipomaliza. Shida ilikuwa kuipima. Programu hiyo huja na kipimo kinachoonyesha kompyuta inachelewa kiasi gani, na maagizo yanasema wakati kipimo kinaendelea uitwishe mzigo: ufungue madirisha mengi, ucheze video, unakili mafaili makubwa.

"Yaani tunaambiwa tuisumbue?" dada akauliza.

"Tuisumbue kabisa."

Akavuta kiti, akafungua video za kwaya, moja juu ya nyingine, zote zikiimba kwa pamoja. Lakini kila baada ya muda mfupi nambari ya kuchelewa iliruka juu sana. Niliingia kwenye mipangilio ile ya ndani inayosomwa kabla Linux haijaamka, nikazima kila kitu cha kubana matumizi ya stima, kwa sababu kompyuta inayosinzia ili kuokoa stima haiwezi kuamka kwa wakati. Nambari ikashuka, ila haikushuka vya kutosha. Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea.

Jumapili, ibada ikiendelea, nikakumbuka nilichosoma kwamba wakati mwingine mkosaji ni sehemu ya kompyuta inayoleta picha kwenye skrini. Kusema kweli mahubiri ya siku hiyo sikuyasikia. Jumatatu nikaazima kadi nyingine ya picha kwa mwenzangu chuoni, na jioni nikaipachika kwenye ile kompyuta pale karakana. Tukawasha kipimo. Dada akarudisha kwaya zake zote. Nambari ilipanda kidogo, ikatulia, ikakaa pale pale.

"Ongeza mzigo," nikamwambia.

Akaongeza. Haikutikisika. Fundi akaanza kuimba besi ya wimbo mmojawapo, dada akashika sauti ya juu, nami nikajikuta nacheza katikati ya vumbi la mbao na viatu vyangu vya kazini. Kipimo tulikiacha kikiendelea muda mrefu kuliko kilivyohitaji.

Jumamosi iliyofuata tuliunganisha waya za mota. Mahali pa kisu tukafunga kalamu kwa utepe, tukatandika karatasi chini, nikaiambia mashine ichore duara. Mama yetu alikuwa ndio tu ameingia kutoka kwake Moiben na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, akasimama kuangalia. Daraja likasogea, kichwa kikasogea, kalamu ikazunguka polepole mpaka ikarudi ilikoanzia.

"Hiyo ni yai," Mama akasema.

Ilikuwa yai kweli. Dada alicheka mpaka akaketi chini. Halafu akachukua futi, akaniambia nisogeze kila upande urefu uleule, akapima. "Hii upande inaenda mbali kuliko vile umeiambia," akasema. Tulipochungulia chini tukaona kwamba skrubu ndefu zinazosukuma pande hizo mbili hazina meno sawa, nami nilikuwa nimeziandikia nambari moja. Nikarekebisha. Tukachora tena, na mara hii kalamu ilifunga duara safi. Mama akaweka mdomo wa kikombe juu yake, akaona limelingana pande zote, akatikisa kichwa kukubali.

"Sasa ichore ng'ombe yangu," akasema.

"Gani, Mama?"

"Ile ya pembe imepinda. Nani mwingine?"

Dada akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto, akamchora ng'ombe yule taratibu kwenye karatasi, na pembe yake iliyopinda kuelekea jichoni. Nikapiga picha, nikaigeuza kuwa mistari ambayo mashine inaielewa. Fundi akabana kipande cha mbao ya saiprasi mezani na kurudisha kisu. Mkono wa dada ulikuwa juu ya swichi nyekundu ya kuzima, lakini hakuibonyeza. Kisu kikaingia kwenye mbao, harufu ya saiprasi ikajaa karakana, na mgongo ukatokea, halafu kiwele, halafu kichwa.

Mashine iliposimama, dada alipuliza vumbi, akapitisha vidole vyake kwenye mistari yote, huku na huku. Kisha akamwita fundi alete mbao nyingine, kubwa zaidi.

Mama aliipigilia picha ile ya mbao kwenye mlango wa zizi. Tulipoenda Moiben kumtembelea, alitutoa nje kabla hata hatujaketi ili tuione. Ng'ombe mwenyewe alikuwa amesimama pale, akiilamba kwa bidii, na Mama akawa anamsukuma shingo akimwambia awache kujipenda hivyo mbele ya wageni.