Malaria ya Masika Yangu ya Kwanza Bondeni

Akina mama wenzangu, sista ameniomba niwasimulie yaliyonipata wakati tunasubiri watoto wapimwe uzito. Naitwa Zuhura. Nimezaliwa huko juu, Uluguru, ambako hata mchana mtu anajitanda shuka. Nimekua nikipalilia maharage na kushuka sokoni na ndizi kichwani. Mbu tuliwajua, ila mmoja mmoja, wa kupita tu. Nilipoolewa na Athumani nikashuka naye huku kwao, upande wa Kisaki, kulima mpunga. Joto lilinishangaza. Nilimuuliza, "Hivi nyie huku mnalalaje?" Akacheka tu.

Masika ya kwanza yakanikuta na mimba, tumbo ndiyo kwanza linaanza kuonekana. Mpunga ulikuwa umetoa masuke. Mchana ndege, usiku nguruwe pori. Tukahamia kibanda cha shambani kuulinda. Chandarua kilibaki nyumbani, maana kibandani hapakuwa na pa kukitundika. Mbu wa kule walitula kwelikweli.

Ilianza na uchovu. Viungo viliniuma kama nimetwanga kutwa. Kisha ikaja baridi, meno yanagongana, na nje jua linawaka. Baada ya baridi joto, baada ya joto jasho, mpaka kanga ikalowa. Kesho yake nikaamka mzima, nikapika, nikala. Hapo ndipo nilipodanganyika.

Mama mkwe akaniambia, "Ni mimba hiyo, mwanangu. Mimba ya kwanza ina visa vyake."

Homa ikarudi. Safari hii nilitapika hata maji. Mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, macho yakawa manjano. Nikaanza kuweweseka. Wanasema nilikuwa namwita mama yangu mzazi, namwambia aanue maharage, mvua inakuja. Halafu mwili ukakakamaa, macho yakageuka, nikazimia.

Yaliyofuata nimesimuliwa. Athumani aliita bodaboda, lakini kijito kilikuwa kimefurika na pikipiki haikuweza kuvuka. Majirani wakanilaza kwenye kitanda cha kamba, wakakipandisha vichwani, wakaingia majini. Maji yaliwafika kifuani. Mama mkwe akavuka nyuma yao ameshika mkanda wa Athumani, na hajui kuogelea.

Hapa zahanati wakanitoboa kidole. Daktari akamwambia Athumani, "Hii ni malaria kali, na damu imeshuka sana. Namwanzishia sindano sasa hivi, kisha gari impeleke hospitali akaongezewe damu."

"Na mtoto, daktari?"

"Mtoto anamtegemea mama yake. Tumpiganie huyu kwanza."

Nilipozinduka hospitalini, kitu cha kwanza kusikia kilikuwa kijiko kikigonga kikombe. Mama mkwe alikuwa anakoroga uji. Aliponiona nimefumbua macho aliuweka chini, akalia bila sauti. Baadaye nesi akaniwekea kifaa tumboni, akasema, "Tulia, sikiliza." Nikasikia mapigo ya haraka haraka, du-du-du-du, kama mtu anakimbia. Sijawahi kusikia kitu kitamu kama kile.

Nguvu ziliporudi kidogo, maswali yakanijaa. Daktari wa wodini alipopita nikamwamkia, "Shikamoo, daktari," nikamuuliza, "Mbona mume wangu tulilala kibanda kimoja, na yeye hakuugua hivi?"

"Marahaba. Umekulia wapi?"

"Juu milimani, kwenye baridi."

"Basi ndiyo sababu. Mwenzako ameumwa malaria tangu utotoni, mwili wake umeizoea kidogo. Wako haujaizoea, na mimba inaupunguzia kinga."

"Na hao mbu wanazaliwa wapi? Chooni?"

"Wa malaria hawapendi sana uchafu. Wanapenda maji ya mvua yaliyotuama, yanayopigwa na jua. Hata kwenye unyayo wa ng'ombe wanazaliwa."

Unyayo wa ng'ombe! Nililala na jambo hilo kichwani. Nilimaliza sindano, nikamaliza na vidonge vya mseto vyote nilivyopewa, nikarudi nyumbani bado nayumba. Lakini nikaenda njia ya kisimani, nikachuchumaa kwenye nyayo za ng'ombe zilizojaa maji. Mwanzoni sikuona kitu. Kisha vikacheza: viluwiluwi vyembamba, vimelala sambamba na maji kama vijiti. Nikavichota kwenye chupa, nikaifunga mdomo kwa kitambaa.

Mama mkwe aliguna. "Umetoka kuumwa, sasa unafuga wadudu?" Hata hivyo, kila akipita anachungulia. Siku chache baadaye aliniita kwa kelele, "Zuhura! Njoo! Wana mabawa!" Mbu walikuwa wametulia kwenye ukuta wa chupa, mikia juu, kama ndio wale wa kibandani. Akasema, "Kumbe huyu tunamzaa wenyewe hapa mlangoni!" Jioni hiyo ua wetu ulijaa majirani wanaochungulia chupa, na kesho yake wengi walishika majembe wakafukia nyayo na vidimbwi. Athumani naye akasimika miti minne kule kibandani, akatundika chandarua.

Mwanangu alizaliwa mzima, ndiye huyu anayenivuta hereni. Namshukuru Mungu, nawashukuru waliopita majini na mimi kichwani, na ndugu nisiyemjua ambaye damu yake inatembea mwilini mwangu.

Wenzangu, ukiwa na mimba usingoje tumbo likue ndipo uje kliniki. Njoo mapema, upimwe, upewe dawa za kinga na chandarua. Na homa hata ikikuacha asubuhi, njoo upime.

Sasa, hii chupa nimeichota leo, kwenye dimbwi la alama ya tairi hapo nje tulipopita wote. Sogeeni muone wanavyocheza. Mtoto wa mwisho akishapimwa, naomba twende pamoja tukalifukie dimbwi hilo.