Obeti, fundi wa Arua aliyejifunza kushusha gongo

Mtaa haujaamka sawasawa, lakini kibanda cha Obeti, nje kidogo ya mji wa Arua, tayari kinarusha cheche. Amesimama kwa mguu mmoja, mgongo ameuegemeza kwenye nguzo, na suruali upande wa kushoto imekunjwa na kubanwa kwa pini. Anachomelea bomba jepesi la chuma la gongo la kutembelea, anazima mashine, anangoja lipoe. Kisha anaingiza mkono kwenye pete yake ya juu hadi kiwikoni na kulikandamiza chini kwa uzito wake wote.

Gongo linalia kidogo. Analirudisha mezani.

"Hili litaangusha mutu," anasema, akishusha miwani ya kazi. "Mchezaji akigeuka na mpira, uzito wote iko hapa. Ikilegea, ameumia."

Milango na madirisha ndiyo yanayomlisha Obeti, mkewe Ayikoru na binti yao Peace. Magongo anayatengeneza kwa ajili ya timu yake. Wachezaji wake wamekatwa mguu mmoja kila mmoja, wanakimbia kwa magongo mawili na kupiga mpira kwa mguu uliobaki. Golikipa wao, Shafik, ana mkono mmoja.

Mtu akiwatazama kwa mara ya kwanza huona huruma. Baada ya muda mfupi huanza kupiga kelele kama mashabiki wengine, maana mpira unakwenda kasi na wanaanguka na kuinuka bila kuomba msaada.

Sheria za mchezo huo hazitofautiani sana na za soka tunayoijua. Ila kuna moja ambayo Obeti anasema ilimbadilishia maisha: gongo ni la kukutegemeza tu. Ukigusa mpira nalo kwa makusudi, ni kosa. Ukimwinulia mwenzako, unatoka nje.

Miaka saba iliyopita Obeti alikuwa dereva wa bodaboda katika barabara ya kwenda Vurra, akipeleka wafanyabiashara na mizigo yao hadi mpakani. Asubuhi moja, kwenye mteremko, lori lililopakia mbao lilitaka kulipita gari jingine, likamkuta yeye mbele. Likamgonga, likayumba, halafu likaendelea kuelekea Congo.

Wapita njia walimkimbiza hospitali ya Kuluva. Alipozinduka, Ayikoru alikuwa kando ya kitanda, amemshika mkono. Obeti hakuhitaji kuuliza. Shuka upande wa kushoto ilikuwa imelala bapa kama chapati.

"Nilikuwa nasali sana siku zile," anakumbuka. "Lakini sala ilikuwa moja tu. Mungu anipatie huyo dereva mkononi."

Alirudi kanisani kwa sababu Ayikoru alimwomba. Hata hivyo, watu waliposema Sala ya Bwana kwa pamoja, akifika pale pa kusamehe, alifunga mdomo. Wengine wakimaliza mstari huo, yeye anaungana nao mbele. Alifanya hivyo kila Jumapili, na hakuna aliyegundua isipokuwa mkewe.

Aliyemtoa kwenye hali hiyo hakuwa mchungaji. Alikuwa Kamisi, Mwislamu mwenye sauti nzito, aliyewahi kufundisha michezo shuleni. Wakati huo Obeti alikuwa ameacha bodaboda na kujifunza kuchomelea. Kamisi alikuja kibandani kutengenezewa geti, akamwona Obeti akirukaruka kwa mguu mmoja kati ya meza na mashine.

"Wewe una mapafu mazuri," akamwambia. "Jumamosi njoo uwanjani."

"Kufanya nini?"

"Kuanguka. Mengine utajifunza baadaye."

Obeti alikwenda, na kweli alianguka. Mazoezi ya Kochi Kamisi hayana upole. Anayechelewa anakaa nje na kutazama. Anayelalamikia mwamuzi anazunguka uwanja. Hakuna anayemwinua mwenzake aliyeanguka, labda awe ameumia.

Katika mojawapo ya mechi zake za kwanza, huko Koboko, beki mmoja alimvuta jezi mara kwa mara. Obeti aligeuka, akamchapa gongo kwenye muundi. Mwamuzi alimpa kadi nyekundu. Kochi alimpa adhabu yake mwenyewe: kila timu hizo mbili zikikutana, Obeti ndiye atakayempelekea yule beki maji.

"Nilimwambia Kochi, mimi sijamsamehe, nitampelekeaje maji?" anasimulia Obeti, akicheka kwa aibu. "Akasema, nimekuuliza habari ya kusamehe? Nimekuambia chukua maji, peleka."

Akapeleka, uso umekunjamana. Safari ya pili beki akasema asante. Baadaye wakaanza kuulizana habari za nyumbani. Obeti hawezi kusema ni lini hasira ilimtoka. Siku moja aliitafuta, akakuta haipo.

Hapo ndipo alipoanza kufikiri juu ya imani yake kwa namna nyingine.

"Kanisani niliambiwa nisamehe, nikadhani ni kitu cha kungojea. Moyo ukilainika, nitasamehe. Kumbe moyo wangu hauna haraka. Uwanjani mguu unafanya kwanza, moyo unafuata nyuma unalalamika. Nikajiuliza, pengine Yesu naye alitaka hivyo. Tuanze kufanya."

Alianza kusema ile sala yote, bila kuruka. Anakiri kwamba ilikuwa rahisi, kwa kuwa dereva hakuwa na sura wala jina.

Mwaka jana akapata vyote viwili.

Yalikuwa mashindano ya kirafiki mjini Koboko. Timu moja ilitoka ng'ambo ya mpaka, ikaletwa na lori la kukodi. Dereva alikuwa mtu mzima mpole aitwaye Camille. Wakati wa mapumziko alisogea golini, akapiga soga na Shafik. Akamsifu mshambuliaji wao, Obeti, akauliza alipoteza vipi mguu.

Shafik alimweleza kama alivyowaeleza wengine wengi: barabara ya Vurra, mteremko, lori la mbao, dereva aliyekimbia.

"Nilishangaa akanyamaza," anasema Shafik. "Nilidhani hajasikia vizuri, nikarudia. Akaondoka bila kuaga."

Camille angeweza kukaa ndani ya lori lake hadi mechi iishe, akarudi kwao, na hakuna ambaye angejua kitu. Filimbi ya mwisho ilipolia, alivuka uwanja akiwa amevua kofia. Wachezaji walikuwa wakipeana mikono. Alisimama mbele ya Obeti.

"Ndugu yangu," akasema. "Ile lori ya mbao. Ni miye."

Walioona wanasema Obeti alimtazama kama mtu anayetafsiri lugha ngeni. Kisha gongo lake la kulia likaanza kupanda. Likafika usawa wa bega, likapita. Camille hakujikinga. Shafik alitaka kukimbilia, lakini Kochi Kamisi alimzuia kwa mkono.

Gongo likashuka taratibu hadi likagusa majani.

"Ondoka," Obeti akasema. "Ondoka mbele yangu."

Baadaye Obeti alimuuliza Kochi kwa nini alisimama tu asimshike.

"Ningekushika, mimi ndiye ningekuwa nimeshusha gongo," Kamisi alimjibu. "Na siku nisipokuwepo?"

Kushusha gongo hakukumaliza kazi. Obeti alikosa usingizi na kuharibu madirisha ya wateja. Kilichomtesa ni swali moja, na mwenye jibu alikuwa mtu mmoja. Hatimaye alimtumia Camille ujumbe kupitia kwa wachezaji wa Congo: njoo kibandani.

Camille alikuja. Ayikoru alipomwona akiingia, alifunga kitenge chake, akamshika Peace mkono, akatoka bila salamu. Wanaume hao wawili walibaki wanatazamana juu ya meza ya vyuma.

"Kwa nini hukusimama?" Obeti akauliza.

"Niliogopa. Nilisema, batu watanichoma pamoja na gari."

"Uliangalia nyuma?"

"Niliangalia mu kioo. Nilikuona uko najaribu kusimama. Unaanguka, unajaribu tena. Nikajiambia, yule anasimama, yule mutu ni muzima. Nikaenda na lile neno miaka yote. Yule anasimama."

Obeti anasimulia sehemu hiyo polepole, akiutazama mlango. Kweli alijaribu kusimama siku ile. Hakuwa amemwambia mtu yeyote, na hakujua kwamba kulikuwa na jicho lililomwona.

"Nililia," anasema. "Na yeye alilia. Halafu nikamwambia, mimi nakusamehe, lakini tunaenda polisi."

Baadhi ya waumini wenzake walimlaumu kwa hilo. Walimwambia aliyesamehe haendi polisi. Obeti ana jibu lake, nalo amelitoa uwanjani. "Mutu akikucheza vibaya, unampa mkono. Ni sawa. Lakini mwamuzi bado anatoa kadi. Ukimpa mkono, hujaifuta kadi. Na kadi si chuki."

Camille alikubali. Waliongozana, akaeleza kila kitu mwenyewe mbele ya askari. Kesi ilisikilizwa. Obeti aliiambia mahakama kwamba amemsamehe, na akaomba sheria ifanye kazi yake. Camille alikaa gerezani kwa kipindi kifupi na kunyimwa ruhusa ya kuendesha magari kwa muda. Leo anapakia na kushusha mizigo ya malori mpakani Vurra.

Je, wamekuwa marafiki? Obeti anatikisa kichwa. "Tunasalimiana. Akija kutazama mechi, tunasalimiana. Kuna siku nikimwona mguu unauma, huu ambao haupo. Siku hiyo salamu inakuwa fupi. Lakini naitoa."

Ayikoru hataki kuzungumza mengi. Anakaa kwenye kigoda akipepeta unga wa muhogo, na swali linapomfikia haachi kazi.

"Mimi ndiye niliyemfundisha mume wangu kutembea upya," anasema. "Nilimbeba hadi chooni. Mtu aje kulia mara moja, yaishe? Mimi sijafika huko. Mungu ananijua, na Baba Peace ananijua."

"Sijawahi kumlazimisha," Obeti anasema kutoka mezani, sauti ya chini. "Mimi nilipata Kochi. Yeye alikuwa peke yake na hilo jambo miaka yote. Nami sikuwahi kumuuliza."

Ayikoru anaacha kupepeta. Anamtazama mumewe kitambo, kisha anaendelea, lakini polepole zaidi.

Kwa sasa mawazo ya Obeti yako Ludara, katika wilaya ya Koboko. Huko wako wanawake kadhaa waliopoteza miguu, wengine kwa ajali, wengine kwa maradhi. Wanalima wakiwa wamekaa chini, na sokoni hawaendi kwa kuona aibu. Anataka mavuno yakiisha aanzishe timu yao, ya kwanza ya wanawake katika eneo lile. Kamisi amekubali kuwafundisha. Uwanja umepatikana, kipande cha ardhi nyuma ya kanisa. Mipira bado wanaitafuta, na magongo atayatengeneza yeye.

Mmoja wa wanawake hao, Mariam Poni, amefika leo kuchukuliwa vipimo, akisindikizwa na dada yake. Ni mkulima wa makamo, mwenye mashaka usoni. Obeti anampa magongo ya kujaribia na kumwonyesha namna ya kuyashika. Mariam anapiga hatua moja, mbili, anavuka kivuli cha kibanda. Kwenye changarawe gongo la kushoto linateleza, naye anakwenda chini kwa kishindo.

Dada yake anapiga kelele na kukimbilia. Obeti ananyoosha mkono kumzuia. "Ngoja, mama. Muache kidogo."

Mariam Poni anabaki pale chini, vumbi limemjaa gauni. Anamtazama Obeti kwa macho makali, ya mtu anayetafuta tusi linalofaa. Kisha anayavuta magongo karibu, anayachimbia kwenye changarawe, anajisukuma. Anashindwa. Anajaribu tena, na mara hii mwili unakubali, anasimama wima akihema.

Anajikung'uta vumbi kwa kiwiko.

"Haya," anasema. "Mupira iko wapi?"